Linki Isiyo na Jina

Fungua kundi lolote la WhatsApp ulilomo, la ukoo, la kazini, la mliomaliza pamoja kidato cha nne, kisha panda juu kidogo. Hutakosa kukuta mtu katupa linki. Nasema katupa, maana kuiweka hakuiweka. Hakuna salamu, hakuna "someni hii", hakuna hata neno moja la kueleza ni kitu gani. Ni mstari wa buluu tu: unaanza na h-t-t-p-s, unaingia kwenye namba, vistari, alama za asilimia, alama ya kuuliza katikati ya safari, na unafika mstari wa nne wa kioo cha simu bado haujaisha. Wewe unayeutazama hujui kama ni tangazo la kazi, taarifa ya msiba, au video ya dakika 40 itakayokula bando lako la wiki nzima.

Mwenye intaneti ya nyumbani inayolipwa kwa mwezi haoni shida. Anabonyeza, akikuta si chake anarudi. Lakini aliyejiunga asubuhi na kabando ka siku moja, kwake kila kubonyeza ni matumizi. Kurasa nyingi za habari siku hizi zimejaa picha kubwa na matangazo ya video yanayojiwasha yenyewe. Ukishaingia umeshalipa, hata kama ulichokikuta hakikuhusu. Kwa hiyo kumtumia mtu linki isiyo na jina ni kumwambia anunue kwanza, atajua alichonunua baadaye. Mimi naona ni utovu wa adabu, ingawa najua wengi wanaofanya hivyo hawana nia mbaya. Wana haraka.

WhatsApp yenyewe hujaribu kuwaokoa. Ukibandika linki, baada ya sekunde chache inatokea kadi yenye picha na kichwa cha habari. Kadi hiyo haitungwi na WhatsApp. Inasomwa kutoka kwenye maandishi aliyoyaweka mwenye tovuti, kwa utaratibu uitwao Open Graph ambao Facebook waliuleta mwaka 2010. Mwenye tovuti asipoyaweka, huenda kadi isitokee. Ukituma kabla kadi haijajitokeza, ujumbe unaondoka mtupu. Na ukiichukua linki hiyo ukaipeleka kwenye barua pepe, au kwenye ripoti ambayo bosi anaisubiri, mara nyingi kadi inabaki nyuma na wewe unabeba ule mkia wa buluu peke yake.

Sasa, watu wa majukwaa ya mijadala walilishughulikia jambo hili zamani, miaka mingi kabla ya WhatsApp. Mwaka 1998 programu moja ya kuendeshea majukwaa, Ultimate Bulletin Board, ilikuja na kitu kinachoitwa BBCode. Kilichowasukuma kilikuwa hofu. Ukimruhusu kila mchangiaji aandike HTML, yaani lugha yenyewe inayojenga kurasa za mtandao, mmoja atasahau kufunga alama na ukurasa mzima utageuka herufi nzito kuanzia pale alipoishia. Mwingine, huyu mwenye nia yake, atapenyeza amri ya kuiba taarifa za wenzake. Basi wakasema HTML hapana. Tumieni alama zetu chache, zikae ndani ya mabano ya mraba, kuzigeuza tutazigeuza sisi. Waliokuwa kwenye jukwaa la JamiiForums tangu mwaka 2006, enzi zile likiitwa Jambo Forums, mabano haya wanayafahamu.

Ngoja nikusomee linki moja inavyoandikwa kwa mtindo huo, uone kazi yake. Fungua bano la mraba. Andika u-r-l. Weka alama ya sawasawa. Bandika anwani nzima, usiache nafasi. Funga bano. Andika jina la ukurasa, lile ambalo watu watalisoma. Fungua bano tena. Weka mkwaju. Andika u-r-l. Funga bano. Ukisahau ule mkwaju wa mwisho, watu wataona fujo ya mabano na herufi pale walipotegemea linki. Hiyo ni linki moja, na umeiandika ukiwa umekaa kwenye kompyuta, una kibodi kamili. Kwenye simu mabano ya mraba hayapo hata kwenye ukurasa wa kwanza wa alama. Unabonyeza kwenda kwenye namba, kisha unabonyeza tena kwenda kwenye alama zaidi, ndipo unayakuta yamejificha pembeni.

Na kama mtindo ungekuwa mmoja, mtu angezoea. Lakini mwaka 2004 Mmarekani John Gruber, akisaidiwa na kijana Aaron Swartz, alitoa mtindo wake, Markdown. Huo ni mwepesi zaidi: jina linatangulia ndani ya mabano ya mraba, anwani inafuata ndani ya mabano ya duara, basi. Reddit wanautumia, GitHub wanautumia, Stack Overflow wanautumia. Ukienda Wikipedia, pamoja na hii ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003, unakuta mtindo wa tatu: bano la mraba, anwani, nafasi, jina, funga bano. Huku jina linatangulia, kule anwani inatangulia. Huku kuna mkwaju, kule hakuna. Na HTML yenyewe bado ipo, ina utaratibu wake. Ukurasa ni ule ule, unauandika kwa namna nne kutegemea unaupeleka wapi.

Watu wakachoka. Na kwa maoni yangu hapo ndipo hasara kubwa ilipotokea. Tumezoea kulalamika kwamba Waswahili wa mtandaoni wanabishana bila ushahidi. Fulani kasema bei ya mahindi imepanda kwa kiasi fulani. Mwingine anamjibu kwamba ni uongo. Wa tatu anawatukana wote wawili. Ukichunguza utaona kwamba mara nyingi ushahidi upo. Yule wa kwanza ameusoma dakika tano zilizopita, na pengine bado umefunguka kwenye kichupo kingine cha kivinjari chake. Kilichomshinda ni safari ya kutoka kichupo kile hadi hiki: kunakili anwani, kurudi, kubandika, kwenda tena kunakili jina, kurudi, kuweka mabano. Akiwa na hoja tatu, safari zinakuwa nyingi mno. Anaona heri aseme "nimesoma mahali", na ubishi unaendelea.

Dawa ya safari hizo ipo, ni ya bure, na ni ndogo kuliko picha moja ya simu yako. Inaitwa kiendelezi. Ni kiprogramu kinachopachikwa kwenye kivinjari, iwe Firefox, Chrome au Edge, kikaongeza kitufe kimoja pembeni ya sehemu ya anwani. Vinavyofanya kazi hii ya linki viko kadhaa. Kuna Format Link, kuna Copy as Markdown, na vingine vya aina hiyo. Ukiwa kwenye ukurasa unaoutaka, unabonyeza kitufe, unachagua mtindo, kisha unakwenda kwenye mazungumzo yako na kubandika. Jina limo, anwani imo, mabano yamekaa mahali pake, mkwaju upo. Kubonyeza mara mbili, kubandika mara moja.

Ndani yake hakuna maajabu. Kila ukurasa wa mtandao una sehemu mbili ambazo kivinjari huzijua muda wote: anwani unayoiona juu, na kichwa cha ukurasa, yale maneno yanayoonekana kwenye kichupo. Kiendelezi kina kiolezo, yaani sentensi yenye mapengo mawili, pengo la jina na pengo la anwani. Ukibonyeza kinajaza mapengo na kupeleka matokeo kwenye ubao wa kunakili, pale pale kinapokaa kila unachokopi. Vingi vinakuruhusu ujiandikie kiolezo chako mwenyewe. Mwenye kazi ya kutafiti anaweza kutengeneza kinachotaja na tarehe. Mwandishi wa habari akataka jina la gazeti litangulie. Vipo pia vinavyonakili vichupo vyote vilivyofunguliwa kwa mpigo, vikakupa orodha. Kwa mtu anayefunga kompyuta jioni huku vichupo 20 vikimwangalia, orodha hiyo ni usingizi mnono.

Nimetaja ubao wa kunakili. Hebu nitoke nje ya mada dakika moja. Huu mtindo wa kunakili na kubandika una wenyewe. Katika miaka ya 1970, kwenye maabara ya Xerox PARC kule Palo Alto, California, Larry Tesler na mwenzake Tim Mott walikuwa wakitengeneza programu ya kuandikia iitwayo Gypsy, na humo ndimo kukata, kunakili na kubandika kulipopata sura tunayoijua. Tesler alifariki Februari 2020. Ubao wenyewe una ujanja ambao watu hawauoni: unaweza kubeba kitu kimoja katika nguo mbili kwa wakati mmoja, maandishi matupu na maandishi yaliyopambwa. Ndiyo maana kitu kile kile ukikibandika kwenye Word kinatokea kama jina la buluu unaloweza kubonyeza, ukikibandika kwenye WhatsApp kinatokea kama anwani tupu. Edge ya Microsoft tangu mwishoni mwa mwaka 2020 inafanya hivyo yenyewe: unanakili anwani, ukibandika kwenye waraka inatoka na jina la ukurasa. Kuna waliofurahi, kuna waliokasirika kwa sababu walitaka anwani yao kama ilivyo.

Turudi. Kiendelezi kinajaza mapengo, lakini akili ya kuchagua jina zuri bado ni yako, kwa sababu vichwa vya kurasa vingi ni takataka. Ukinakili kutoka YouTube ukiwa umeingia kwenye akaunti yako, unaweza kukuta jina linaanza na namba ndani ya mabano. Hizo ni taarifa zako ambazo hujazisoma, wenzako haziwahusu. Tovuti nyingine hujisifu: jina la habari, mstari, jina la gazeti, mstari, kaulimbiu ya gazeti. Nyingine huandika "Home" kwenye kila ukurasa, kana kwamba tovuti nzima ni mlango tu. Mbaya kuliko zote ni nyaraka za PDF. Ripoti nzito, ya kurasa nyingi, imepigwa mihuri yote, lakini kichwa chake kilichofichwa ndani ya faili kinasema "Microsoft Word", kistari, halafu jina la faili alilolitumia katibu muhtasi siku anaiandaa: rasimu, ya mwisho, ya mwisho kabisa. Kiendelezi kitakuletea maneno hayo hayo bila aibu, maana hakijui tofauti.

Vilivyotengenezwa vizuri vina njia ya kutokea hapo. Unapiga kivuli sentensi unayoitaka ndani ya ukurasa, kisha unabonyeza, na sentensi hiyo ndiyo inayokuwa jina. Mimi napenda njia hii kuliko kichwa cha habari. Kichwa kimeandikwa ili ubonyeze. Sentensi uliyoichagua ndiyo hoja yenyewe.

Halafu kuna vita vya mabano kwa mabano. Chukua hukumu za mahakama. TanzLII, ile maktaba ya bure ya sheria za Tanzania, ina anwani zilizojengwa kwa akili nyingi: ndani yake mna tz, yaani nchi, mna neno linaloonyesha kuwa hii ni hukumu, mna tzca kama ni Mahakama ya Rufani, mna mwaka, mna namba. Mzoefu akiitazama anwani tu anajua ameshika nini. Lakini jina la hukumu, kwa desturi ya wanasheria, lina mwaka ndani ya mabano ya mraba. Sasa ipeleke hukumu hiyo Wikipedia, ambako linki yenyewe hufungwa kwa bano la mraba. Mfumo unasoma jina, unafika kwenye bano la kufunga la ule mwaka, unaona kazi imekwisha. Linki inakatikia hapo na maneno yaliyobaki yananing'inia nje. Kwenye Markdown tatizo liko upande wa pili: anwani yenye mabano ya duara, mfano makala ya Wikipedia ya Kiingereza kuhusu sayari ya Utaridi, ambayo anwani yake inaishia na Mercury_(planet). Mifumo mingi ya zamani ya Markdown huona lile bano la kufunga na kudhani anwani imeisha kabla ya wakati. Aliyebonyeza anapelekwa kwenye anwani iliyokatika.

Kiendelezi kizuri kinalijua hilo. Kwenye anwani hubadilisha bano la kufunga kuwa alama ya asilimia na 29, ambayo kwa kompyuta ni kitu kile kile. Kwenye jina, kwa Markdown, huweka mkwaju wa nyuma mbele ya bano ili mfumo ujue hili ni la kusomwa tu. Kiendelezi kibovu hakifanyi chochote. Ukitaka kujua ulichopakua ni kipi, kijaribu kwenye ukurasa huo wa Utaridi. Mtihani wake ni wa nusu dakika.

Na kuna mikia. Ile alama ya kuuliza niliyoitaja mwanzoni, katikati ya linki, mara nyingi inafungua sehemu ambayo msomaji haimsaidii kitu. Ukiona utm_source, hiyo ni alama ya kufuatilia wasomaji wametoka wapi. Asili yake ni kampuni ya Urchin iliyonunuliwa na Google mwaka 2005. Ukiona fbclid, linki hiyo imepita Facebook, na ile tungo ndefu inayofuata ni alama ambayo Facebook imeibandika ulipobonyeza. Unapoitupa kwenye kundi la ukoo, unawagawia shangazi na wajomba alama hiyo hiyo waizungushe. Firefox tangu Novemba 2023 ina chaguo la kunakili linki bila mikia hiyo. Lakini usikate kila kitu baada ya alama ya kuuliza kwa hasira: kwenye YouTube, herufi v na alama za kuitambulisha video zinakaa baada ya alama hiyo hiyo, ukizikata unabaki na mlango wa YouTube bila video.

Mtu ataniuliza, kama anwani ipo, jina la nini? Mashine ya kutafuta si ipo? Jibu langu linatoka kwa watafiti wa Pew Research Center wa Marekani. Mwaka 2024 walitoa matokeo ya uchunguzi wao: kati ya kurasa za mtandao zilizokuwepo mwaka 2013, asilimia 38 zilikuwa hazifunguki tena miaka kumi baadaye. Zaidi ya theluthi. Tovuti hubadilisha mpangilio, magazeti hufungwa, wizara huhamia kwenye mfumo mpya na kuacha linki za zamani bila kuelekea popote. Linki tupu ikifa, imekufa na siri yake. Anayeikuta miaka mitatu baadaye hana hata pa kuanzia kutafuta. Iliyo na jina, anachukua jina anatafuta nakala ilikohamia. Na anwani nayo ikiwa imetunzwa kamili, anaweza kuipeleka kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za kale inayotunzwa na Internet Archive, akaukuta ukurasa kama ulivyokuwa. Jina bila anwani ni tetesi, anwani bila jina ni fumbo, na wanaopenda kufupisha linki wanapoteza vyote viwili: huduma ya goo.gl ya Google iliacha kupokea linki mpya mwaka 2019, na nani leo akiona herufi zile tano au sita atajua zilikuwa za nini?

Sasa hapa nipunguze sifa, maana kiendelezi kina pande mbili mbaya na zote zinafaa kusemwa.

Kwanza, kiendelezi kinakaa ndani ya kivinjari, na kivinjari ndimo unamofungua barua pepe na benki. Unapokipakua, kivinjari kinakuonyesha ruhusa kinazozitaka. Kazi ya kunakili jina na anwani ya ukurasa ulio mbele yako inahitaji ruhusa ndogo sana. Ipo njia ya kiendelezi kugusa ukurasa ule tu uliokibonyezea, wakati ule tu, na kwa njia hiyo hata onyo la kutisha halitokei. Kwa hiyo ukiona kinadai kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote, jiulize kinataka nini humo. Pengine kina sababu, kwa mfano kinaongeza kitufe ndani ya kila ukurasa. Mimi huwa nakiacha, natafuta kingine.

Na usalama wa leo si wa kesho. Kulikuwa na kiendelezi cha Chrome kiitwacho The Great Suspender, kilichosifiwa sana, chenye watumiaji zaidi ya milioni mbili. Kazi yake ilikuwa kulaza vichupo usivyovitumia ili kompyuta isizidiwe. Mwaka 2020 aliyekitengeneza alikiuza. Watumiaji hawakuulizwa; ni kama mpangaji anayeamka asubuhi na kukuta nyumba ina mwenye mpya, na huyo mwenye mpya ana funguo za vyumba vyote. Februari 2021 Google wakakiondoa kwa kuwa kilikuwa kimewekewa programu hasidi. Vitu vya bure huuzwa, na kinachouzwa hapo ni wewe uliyekipakua. Pitia orodha ya viendelezi vyako mara kwa mara, na usichokitumia kiondoe.

Upande wa pili unanikera zaidi, maana unatokana na uzuri wenyewe. Ukitenganisha jina na anwani, umempa mtu uwezo wa kusema uongo. Jina linaweza kusomeka "Benki yako, thibitisha akaunti" na anwani iliyo chini yake ikakupeleka kwenye ukurasa wa tapeli uliofanana na wa benki kwa rangi na nembo. Mabano hayakagui. Wale wenzetu wa "ile hela itume kwenye namba hii" wamehamia huku pia, na huku hawahitaji hata kujua jina lako. WhatsApp haikuruhusu kuficha anwani nyuma ya neno ndani ya ujumbe wa kawaida, na ingawa nimelalamikia linki tupu tangu tuanze, kwa hili nawaunga mkono; kwenye ujumbe kutoka kwa mtu usiyemjua, afadhali ubaya unaouona. Kwenye barua pepe na majukwaa, ambako jina linaweza kuficha anwani, weka mshale wa kipanya juu ya linki bila kubonyeza, na anwani ya kweli itatokea chini pembeni. Kwenye simu, bonyeza na ushikilie mpaka itokee. Soma sehemu iliyo kabla ya mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti, isome hadi mwisho wake, maana tapeli huweka jina la benki mwanzoni na jina lake mwishoni.

Najua wengi wenu mnasikiliza huku simu ikiwa mkononi na kompyuta hamna, au ipo ofisini na funguo anazo mhasibu. Chrome ya simu za Android haipokei viendelezi. Firefox ya Android inapokea, na tangu Desemba 2023 imefungua mlango kwa vingi zaidi. Ukiwa na nafasi kwenye simu, ipakue uitumie kwa kazi hii. Kama hutaki kivinjari cha pili, ipo njia ya kienyeji ambayo mafundi wameitumia tangu zamani: alamisho lenye amri ndani yake badala ya anwani. Hifadhi ukurasa wowote kama alamisho, lipe jina fupi usilolisahau, tuseme "mabano". Kisha lihariri, futa anwani iliyomo, na uweke mstari huu, ambao utaukuta kwenye maandishi ya mazungumzo haya:

javascript:prompt('','[url='+location.href+']'+document.title+'[/url]')

Ukiwa kwenye ukurasa unaoutaka, gusa sehemu ya anwani, andika "mabano", na uchague lile alamisho linalojitokeza chini. Kisanduku kitafunguka na linki yako ikiwa tayari imevaa mabano, inakili. Hakuna ulichopakua, hakuna mwenye nyumba mpya. Amri zinazoanza na neno hilo la javascript zina nguvu, kwa hiyo usibandike kwenye alamisho mstari uliotumiwa na mtu usiyemwamini. Huu wangu usome mwenyewe uone: unachukua anwani, unachukua kichwa, unaviweka ndani ya mabano, hautumi kitu popote.

Wanaotaka Markdown wabadilishe sehemu ya ndani: bano la mraba, kichwa, bano la mraba, bano la duara, anwani, bano la duara. Na ukishabandika, angalia kabla hujatuma. Mabano yakionekana kama yalivyo, mtindo uliotumia haujulikani hapo, jaribu ule mwingine. Ikigoma mitindo yote, kama itakavyogoma kwenye WhatsApp na kwenye meseji za kawaida, andika jina la ukurasa kwa maneno yako, nukta mbili, halafu anwani kwenye mstari wake, na kama ni video taja na dakika zake.